Wageni na Wakwe Zao

Ujiji ni mji wa watu waliokuja. Mwulize mzee wa Rusimbi au Kasingirima chimbuko la ukoo wake, na mara nyingi mkono utanyooka kuelekea magharibi, ng'ambo ya maji, kwenye milima ya Kongo inayoonekana siku ambazo anga imetakata. Wengine wataelekeza kaskazini, Burundi. Wengine mashariki, njia ya Tabora hadi Bagamoyo na Mrima. Wachache, wenye karatasi au wenye bibi aliyejaliwa kumbukumbu ndefu, watafika mpaka Oman. Wajiji na Waha waliwapokea wote hao, wakafanya nao biashara, wakagombana nao, wakaozeshana nao.

Richard Burton na John Hanning Speke walipofika hapo Februari 1858, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kukaa Ujiji karibu miaka 20. Burton aliandika habari za soko, mitumbwi, pembe za ndovu, watu waliokuwa wakiuzwa, na dagaa waliokaushwa. Miaka 30 iliyofuata ilileta maelfu ya watu kutoka nchi za magharibi ya ziwa: wapagazi, wake, watumwa, wafuasi wa wakubwa wa misafara. Wengi hawakuchagua kuja. Ufukweni waliitwa Wamanyema, hata wale ambao nchi yao ya asili haikuwa Manyema, na chini ya jina hilo wakajenga nyumba, wakaingia Uislamu, wakaoa na kuolewa, wakavua. Wajukuu zao walipohamia Dar es Salaam walikwenda na jina hilo, na Msikiti wa Manyema wa Kariakoo unalo mpaka leo.

Anayetaka kufuatilia historia ya familia moja ya wahamiaji katika ufukwe huu hukutana na tatizo tangu siku ya kwanza. Waliokuwa na kalamu walikuwa wapelelezi, mapadri, wahasibu wa misafara na maofisa wa serikali za kigeni. Waliandika habari za wanaume wenzao, hasa wenye bunduki, wenye pembe au wenye kanzu. Mke hutajwa mstari mmoja: siku aliyoolewa. Hapo jina lake hupotea, na baada ya hapo familia yote huitwa kwa jina la mume.

Sura hii inashika njia nyingine. Katika Ziwa Tanganyika, mgeni hakuwa mtu wa ufukweni kwa sababu ya cheti, bendera au ngome. Aliingia kwa mlango wa ukweni. Mama mkwe, shemeji na wajomba wa watoto wake ndio waliomfanya awe na mahali pa kuzikwa. Familia mbili zinalionyesha jambo hili wazi kuliko nyingine zote zilizoandikwa, moja kila upande wa maji: ya Mfaransa aliyekuja na bunduki, na ya mtu wa Mto Niger aliyekuja na sanduku la dawa. Katikati yao yumo Mwairishi mmoja ambaye hakukaa ufukweni, lakini bila yeye hadithi ya wageni na ndoa zao katika nchi hizi haikamiliki.

Kapteni wa Mpala

Léopold Louis Joubert alizaliwa Februari 1842 katika kijiji cha Saint-Herblon, magharibi ya Ufaransa. Alipofika miaka 18 alijiunga na jeshi la watu wa kujitolea lililokwenda Italia kumlinda Papa, wakati wazalendo wa huko wakiiunganisha nchi yao kwa silaha. Septemba 1860 alikuwapo kwenye vita vya Castelfidardo, ambapo upande wa Papa ulishindwa vibaya. Katika jeshi hilohilo walikuwamo mamia ya vijana wa Ireland, Kikosi cha Mtakatifu Patrick chini ya Meja Myles O'Reilly, waliokuwa wametoka katika nchi iliyopukutishwa na njaa kuu ya miaka ya 1840. Wengi wa Waairishi hao walirudishwa kwao mwaka huohuo. Joubert alibaki, akapanda hadi ukapteni, na mwaka 1870 Roma ilipotekwa akajikuta ni askari asiye na jeshi.

Aliyempa kazi mpya ni Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, aliyekuwa ameanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868. Watu waliwaita Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Kundi la kwanza lilifika Ujiji Januari 1879, na miezi michache baadaye likaanzisha kituo Rumonge, katika Burundi ya leo. Mei 1881 kituo hicho kilivamiwa, mapadri Deniaud na Augier wakauawa pamoja na msaidizi wao D'Hoop, askari wa zamani wa Papa kama Joubert. Lavigerie alikuwa ameamini tangu mwanzo kwamba misheni za ziwani zingehitaji walinzi. Joubert alikuwa mmoja wa walinzi hao, na alikuwa amefika ziwani mwaka mmoja kabla ya mauaji.

Alirudi Ufaransa mwaka 1885, akaja tena mwaka uliofuata, na mwaka 1887 akapewa Mpala, ufukwe wa magharibi. Mahali hapo palikuwa na damu mbichi. Ngome ilijengwa mwaka 1883 na Mbelgiji Émile Storms, afisa wa Mfalme Leopold. Desemba 1884 watu wa Storms na washirika wao walikishambulia kijiji cha Lusinga, mtawala mwenye nguvu wa milima ya jirani, wakamwua na kumkata kichwa. Storms alilipeleka fuvu Ubelgiji, likakaa Brussels katika makusanyo ya kisayansi kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 2022 sanamu ya Storms iliondolewa kwenye bustani moja ya Brussels. Nasaba ya Lusinga nayo ni historia ya familia ya ufukwe huu, na anayeandika habari za wageni wa Mpala bila kumtaja anaanzia katikati ya hadithi.

Baada ya Mkutano wa Berlin, Leopold aliwaachia Mapadri Weupe vituo vyake viwili, Mpala na Karema. Joubert akawa mlinzi, hakimu na jemadari wa eneo zima. Adui yake mkubwa alikaa Ujiji: Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mtu wa asili ya Lindi aliyejulikana zaidi kama Rumaliza. Watu waliokimbia misafara ya utumwa walipata kimbilio kwa Joubert, na hilo ni kweli kubwa lisilopaswa kupunguzwa. Ni kweli pia kwamba habari za vita hivyo zimeandikwa karibu zote na upande wa Mpala. Mwaka 1891 msafara wa Mbelgiji Alphonse Jacques ulifika kumsaidia na kuanzisha kituo cha Albertville, mji ambao leo unaitwa Kalemie. Mwanzoni mwa 1894 Rumaliza alishindwa na majeshi ya Kongo, na baadaye akaishi Zanzibar.

Mwaka 1888, vita vikiwa havijaisha, Joubert alimwoa Agnes Atakaye, mwanamke Mwafrika aliyebatizwa na misheni. Joubert alikuwa na umri wa miaka ipatayo 46.

Wazungu wengi wa wakati ule walikuwa na wanawake Waafrika na watoto waliowaacha nyuma siku ya kupanda meli. Joubert alifunga ndoa kanisani, akaishi na mke wake maisha yake yote, akazaa naye watoto wengi, na wawili katika watoto wao wa kiume wakawa mapadri. Aliishi Mpala, kisha Saint-Louis de Mrumbi, kisha Misembe karibu na misheni ya Baudouinville, ambako leo ni Moba. Alichukua uraia wa Kongo. Hakurudi tena kuishi Ufaransa. Alifariki Misembe tarehe 27 Mei 1927, akiwa na miaka 85.

Katika vitabu vya Ulaya hiyo ni "familia ya Joubert". Lakini Mpala ni nchi ya Watabwa, na kwa Watabwa mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye kauli. Kwa hesabu ya namna hiyo, mtoto wa mwanamke wa huko hawi mgeni hata kama baba yake ametoka Saint-Herblon. Mapadri wa Baudouinville waliokuwa wakiandika kila siku habari za Kapteni walikuwa wakiandika habari za mkwe wa watu. Huenda ni Atakaye na jamaa zake waliompa majirani, lugha ya nyumbani na chakula cha kila siku. Silaha zilimpa utii wa watu, na utii wa bunduki ungekwisha siku baruti ilipokwisha. Yeye alibaki miaka mingine 33 baada ya vita.

Mwairishi wa Usongo

Charles Henry Stokes alizaliwa Dublin mwaka 1852. Alikuja Afrika Mashariki mwaka 1878 kama mmisionari mlei wa Church Missionary Society, na alikuwa hodari kuliko wenzake wote katika kuongoza misafara. Alimwoa Ellen Sherratt, mwuguzi wa misheni, Zanzibar mwaka 1883. Mwaka uliofuata Ellen alifariki muda mfupi baada ya kujifungua binti, Louisa. Stokes alikwenda bara, na mwaka 1885 akamwoa Limi, mwanamke wa ukoo wa kitemi wa Kinyamwezi. Misheni haikuweza kulimeza jambo hilo. Akaiacha misheni, akawa mfanyabiashara wa pembe na silaha, na nyumba yake ikawa Usongo, katika nchi ya wakwe zake, kaskazini ya Tabora.

Ukwe huo ndio uliokuwa mtaji wake. Wapagazi wa Kinyamwezi walimfuata kwa maelfu kwa sababu alikuwa mtu wa nyumbani kwao, na njia zilizofungwa kwa wageni wengine kwake zilikuwa wazi. Januari 1895 Kapteni Hubert Lothaire, afisa wa Dola Huru ya Kongo, alimkamata kwa shtaka la kuwauzia silaha Waarabu, akamhukumu haraka na kumnyonga mahali paitwapo Lindi, ndani ya Kongo. Kesi hiyo ilizua kelele Ulaya nzima. Dola Huru ya Kongo ililipa fidia kwa Uingereza na kwa Ujerumani. Lothaire alishtakiwa mara mbili na mara mbili akaachiliwa.

Karatasi za kesi hiyo ni nyingi mno: barua za kibalozi, mijadala ya bunge, magazeti. Limi yumo humo kwa mistari michache tu. Stokes alikuwa pia na mtoto wa kiume, Charles Kasaja Stokes, aliyezaliwa na mama mwingine na kukulia Uganda, na uzao wa Mwairishi huyo ukaendelea huko. Mtafiti anayeanzia Dublin anaishia kwenye kitanzi cha Lindi. Anayeanzia kwa akina mama anafika Uganda na Unyamwezi, kwa watu walio hai.

Dublin yenyewe, hata hivyo, ina somo kwa watu wa Kigoma. Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Umma la huko liliteketea, na sensa za Ireland za kati ya 1821 na 1851 zikapotea karibu zote. Tangu hapo Mwairishi anayetafuta mababu wa karne ya 19 hutegemea sana vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia. Nchi yenye serikali na makarani wa kila aina ikabaki kuokolewa na daftari la padri wa kijiji. Ufukweni mwa Tanganyika hali haina tofauti kubwa.

Daktari wa Karema

Karema iko upande wa Tanzania, kusini ya Kigoma, katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Ni kijiji cha wavuvi, na tangu mwaka 2022 kina bandari mpya inayotazamana na Kalemie. Kapteni Ernest Cambier alijenga ngome hapo mwaka 1879, ukingoni mwa maji. Haikukaa ukingoni kwa muda mrefu. Ziwa lilikuwa limejaa kupita kiasi, na mwishoni mwa miaka ya 1870 maji yakavunja kizuizi cha Mto Lukuga upande wa Kongo na kuanza kumiminika magharibi. Kina kikashuka mita kadhaa katika miaka michache, ufukwe ukasogea, na ngome ya Karema ikaachwa nchi kavu. Wavuvi walihamisha vibanda vyao kufuata maji. Ngome haikuweza kuhama.

Mwaka 1889 alifika hapo kijana Mwafrika mwenye miaka kama 23, aliyevaa na kuzungumza kama msomi wa Ulaya, na ambaye kwao kulikuwa mbali sana na Karema. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Tindirma, kwenye Mto Niger, jirani na Timbuktu, katika Mali ya leo. Akiwa mtoto alikamatwa na wateka watu, akavushwa Jangwa la Sahara na kuuzwa. Mapadri Weupe walimkomboa Algeria. Lavigerie alikuwa na mpango wa kuwasomesha vijana wa namna hiyo wawe madaktari na makatekista, na kwa ajili hiyo alifungua taasisi kisiwani Malta mwaka 1881, wanafunzi wakisoma tiba katika Chuo Kikuu cha Malta. Atiman alimaliza masomo mwaka 1888 na mwaka huohuo akapanda meli kwenda Zanzibar. Pwani ilikuwa ikiwaka vita ya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Msafara wake ulipenya hadi bara, ukapita Tabora, ukashuka ziwani.

Alikaa Karema miaka 67.

Ni wageni wachache sana wa ufukwe huu, kama wapo, waliofanya kazi mahali pamoja kwa muda mrefu namna hiyo. Aliwatibu watu chini ya Mapadri Weupe walipokuwa ndio serikali, chini ya Wajerumani, na chini ya Waingereza. Aliona askofu, Adolphe Lechaptois, akiifanya Karema makao ya jimbo zima la misheni. Aliona malale yakiingia mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa uliofuata kingo za maji penye vichaka na mbung'o, mahali hasa wavuvi walipoishi. Wajerumani walifungua kambi za wagonjwa ufukweni na kufyeka vichaka, na katika sehemu kadhaa za ziwa tawala za kikoloni ziliwahamisha watu kutoka ukingoni. Kijiji kilichohamishwa kikiandikwa tena kwa jina jingine, mjukuu anayetafuta asili yake leo hujikuta amefika ukutani. Daktari aliyekuwapo kabla na baada ya uhamisho huo alikuwa kumbukumbu ya watu, na maofisa walikuja na kuondoka.

Nyumbani mwa daktari huyo alikuwapo Agnes Wansahira. Alikuwa binti wa mtawala wa Wabende, wenyeji wa nchi ya Karema, na Atiman alimwoa muda mfupi baada ya kufika. Fikiria maana ya ndoa hiyo kwa kijana aliyetekwa utotoni. Utumwa ulimnyang'anya baba, mama, wajomba na kijiji, vitu vyote ambavyo kwavyo mtu hujulikana ni nani. Misheni ilimpa elimu na imani, lakini haikuweza kumpa jamaa. Wansahira alimpa. Kwa ndoa ile mtu asiye na ukoo wowote mashariki ya Afrika akawa mkwe wa nyumba ya watawala, na wagonjwa waliokuja kwake walikuja kwa mume wa binti yao. Mtoto wao Joseph akawa padri.

Atiman aliandika habari za maisha yake mwenyewe, na mwaka 1946 zikachapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Ni hazina adimu: mtu aliyewahi kuuzwa, akisimulia kwa kauli yake, akiwa mzee anayeheshimiwa. Hakuna simulizi ya namna hiyo ya Wansahira iliyochapishwa. Pengo hilo ni kubwa, na ni la kusikitisha, kwa sababu yeye ndiye angeweza kueleza Karema ilimwonaje mgeni huyo siku alipofika, nani alikubali posa na nani alipinga.

Atiman alifariki mwaka 1956, miaka 5 kabla ya uhuru wa Tanganyika. Sumbawanga kuna hospitali yenye jina lake, na kila siku watu wa Rukwa na Katavi hulitaja wanapoeleza wanakokwenda kutibiwa, wengine bila kujua kwamba ni jina la mtoto aliyeibwa kando ya Mto Niger.

Usiku wa giza

Watoto wa familia hizi walikulia kando ya kazi moja, uvuvi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku mwezi ukiwa haupo. Zamani wavuvi waliwasha mienge ya moto mbele ya mtumbwi, dagaa wakapanda kufuata mwanga, wakachotwa kwa lusenga, wavu wenye mpini mrefu. Baadaye zikaja karabai, kisha vipe, mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa magogo na wavu kushushwa katikati. Katika miaka ya 1950 wavuvi Wagiriki waliokuwa Usumbura, Bujumbura ya leo, walileta boti za injini na nyavu kubwa za kuzungushia, na uvuvi wa namna hiyo ukasambaa hadi Mpulungu, upande wa Zambia. Hao nao walikuwa familia za wahamiaji katika jamii ya wavuvi.

Mwezi ukijaa, uvuvi wa dagaa hupumzika. Mvuvi hufuata samaki kutoka mwalo hadi mwalo, leo Katonga, kesho kambi ya kusini, mwezi ujao ng'ambo. Aliyebaki na kuanika dagaa mchangani, kuwageuza, kuwapima na kuwauza mara nyingi ni mwanamke. Kwa hiyo hata katika familia ambayo haikupata mgeni wa mbali, baba ndiye mwenye kuhamahama na mama ndiye mwenye anwani. Mtafiti anayemfuata baba atazunguka ziwa zima lenye urefu wa kilomita zaidi ya 650. Anayemfuata mama ana nafasi nzuri ya kupata nyumba, mtaa na jirani anayemkumbuka.

Mipaka imeongeza kazi. Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914. Meli ya Graf von Götzen, ambayo leo ni MV Liemba, iliteremshwa majini hapo mwaka uliofuata. Julai 1916 Wabelgiji waliiteka Kigoma na kuitawala pamoja na Ujiji hadi Machi 1921. Kwa miaka hiyo Ujiji na Albertville zilikuwa chini ya bendera moja. Mtu aliyezaliwa Ujiji mwaka 1918 huenda karatasi yake iko Brussels, na ya kaka yake aliyezaliwa 1912 iko katika nyaraka za Kijerumani. Jambo jingine la kuzingatia ni sheria za utumwa. Wajerumani walitangaza kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, na Waingereza waliufuta utumwa kabisa kisheria mwaka 1922. Mwanamke aliyezaliwa kabla ya hapo anaweza kuwa amebadilisha jina alipokuwa huru. Familia nyingi zilinyamazia jambo hilo kwa kuepuka fedheha, nazo zina haki ya kuheshimiwa katika ukimya wao. Anayeuliza aulize taratibu.

Pa kutafuta, basi, papo. Kila kituo cha Mapadri Weupe kiliandika shajara ya kila siku, na nyaraka za shirika zimehifadhiwa Roma. Mwanahistoria Kathleen Smythe alitumia kumbukumbu za misheni pamoja na simulizi za wazee kuandika historia ya familia za Wafipa, majirani wa Karema, na kitabu chake kinaonyesha jinsi vyanzo hivyo viwili vinavyosahihishana. Sheryl McCurdy alifanya utafiti juu ya Wamanyema wa Ujiji kwa kuwasikiliza wanawake, na akapata historia ambayo daftari la mkuu wa wilaya halikuwa nayo. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa Dar es Salaam ina majalada ya Wajerumani na Waingereza. Nyaraka za Zanzibar zina barua za wafanyabiashara na mahakama.

Faida moja ambayo Mwairishi hana, na mtu wa Ujiji anayo, ni desturi ya majina. Mwanamke wa Dublin alipoolewa alichukua jina la mume, na jina la baba yake halikuandamana naye tena. Fatuma binti Juma wa Ujiji alibaki binti Juma hata baada ya kuolewa, kuachika na kuolewa tena. Jina lake limebeba kizazi kilichotangulia. Daftari la ubatizo la Karema nalo huandika jina la baba na la mama wa kila mtoto. Kwa hiyo njia ya ukweni haijafungwa. Imeachwa tu bila kupitwa.

Lakini madaftari hayo ni ya karatasi, na karatasi ya ufukweni ina maadui: mchwa, unyevu, maji ya ziwa yanayopanda miaka ya mvua nyingi. Parokia za Karema, Kigoma na Ujiji, na misikiti yenye hati za zamani za ndoa na wakfu, zinahitaji kunakili na kupiga picha kurasa hizo sasa, na halmashauri za ufukweni zinapaswa kuitengea kazi hiyo fungu kama zinavyotengea fungu mialo na barabara. Kwa msomaji wa kawaida kazi ni nyepesi zaidi. Kama bibi yako mzaa mama yupo hai, nenda umsikilize wiki hii. Andika jina lake na la mama yake, kijiji walichozaliwa na mwalo walioshukia, nani aliyepeleka posa na nani aliyepokea, kisha weka tarehe chini ya ukurasa na umpe mtu wa pili nakala.